Uniti Kumi na Nane

Kama hujawahi kupanga chumba cha biashara katika jengo la Mawe Pacha, pale nyuma ya Makoroboi, Mwanza, basi hujui jinsi maji yanavyoweza kugombanisha watu wazima. Maji, jamani! Mji wenyewe uko kando ya ziwa, ukipanda ghorofa ya tatu unaliona limetandaa mpaka macho yanachoka, lakini watu wenye heshima zao waliwahi kukunjana mashati kwa ajili ya uniti sita. Huyu anadai mita yake ilisomwa akiwa hayupo, yule anasema kaandikiwa maji ya saluni ya jirani, mwingine anaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba bomba lake halijafunguliwa tangu Pasaka. Ilikuwa vurugu tupu.

Ndipo Luhende Machibya alipoleta utaratibu wake. Luhende alikuwa fundi wa jengo: mabomba, pampu, matanki ya juu ya paa, na mita zote za maji, moja kwa kila mpangaji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alizisoma, kisha akapita mlango kwa mlango na daftari lake la jalada gumu. Lakini hakuandika kimyakimya kama mtu anayeficha jambo. Alisimama katikati ya korido akaita kwa sauti. Alitaja namba iliyoonyeshwa na mita, akataja uniti zilizotumika mwezi ule, na mpangaji naye sharti aitikie: "Uniti tisa, nimesikia!" Asipoitikia, Luhende haandiki. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na ugomvi ukaisha kabisa.

Sasa, binadamu ni binadamu. Namba zikiitwa kwa sauti, nani atakayeziba masikio? Haukupita muda mrefu korido nzima ikawa inajua kupima biashara ya mtu kwa uniti zake. Dorcas wa saluni akitajiwa kumi na mbili, utamsikia Venant wa duka la madaftari akipaza sauti kutoka ng'ambo: "Dada Dorcas, mwezi huu umeosha vichwa vya mji mzima!" Venant naye akitajiwa moja, Dorcas hamwachi: "Kaka, hata kunawa hunawi?" Watu wanacheka, wanagongeana mikono, lakini msikivu angegundua kwamba kila mmoja alikuwa ametega sikio. Aliyetajiwa namba kubwa alitoa kiti nje akakaa siku hiyo. Ambaye namba yake ilishuka alikumbuka ghafla kwamba ana kazi ndani.

Mlango wa mwisho kabisa, mwisho wa korido ya ghorofa ya kwanza, ulikuwa wa Mama Manjula, dobi. Alikuwa mjane wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Magu, anayeongea Kisukuma vizuri kuliko vijana wengi wa Kisukuma wa mjini. Yeye na marehemu mumewe walifua mashuka ya hoteli, suti za mawakili, na magauni ya harusi tangu Luhende hajaajiriwa. Siku ya namba alisimama mlangoni mapema, sari imenyooka, nywele zimebanwa vizuri, anasubiri zamu yake.

"Shikamoo, Mama Manjula."

"Marahaba, Luhende. Haya, sema."

"Uniti kumi na nane!"

"Kumi na nane, nimesikia!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, ikafika mpaka kwenye ngazi.

Na watu walikuwa wakitikisa vichwa kwa kumstaajabia. Dobi mkongwe huyo, mwezi hadi mwezi, hashuki!

Haya, sasa nikwambie jambo ambalo Luhende hakumwambia hata mkewe kule Mkolani. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Yalianza kama ukungu mwepesi, kama mtu anaangalia dirisha ambalo limepigwa na mvuke wa chai. Mtoto wa jicho, lakini yeye alisema ni vumbi. Mita nyingi za jengo zilikuwa kwenye mwanga, ukutani, na akizisogelea na tochi ya simu aliweza kuzisoma. Ya Mama Manjula ilikuwa kwenye shimo chini ya ngazi, kioo chake kimeingia unyevu, giza limejaa. Mwezi mmoja alipiga magoti pale, akaikodolea mita, akageuza kichwa huku, akageuza kule, hakuona kitu. Angemwita mtu amsomee. Lakini amwite nani, aseme nini? Mwezi uliotangulia alikuwa ameandika kumi na nane. Mwezi wa kabla yake pia kumi na nane, au kumi na tisa. Dobi ni dobi, akajiambia. Akaenda mlangoni akaita kumi na nane, na Mama Manjula akaitikia bila wasiwasi. Basi akaandika.

Mwezi wa pili alikusudia kwenda na tochi kubwa. Hakwenda nayo. Wa tatu alishaingia mtegoni, kwa sababu mita hairudi nyuma. Ukishaita elfu tano, huwezi mwezi ujao ukasimama mbele ya watu ukaita elfu nne na mia tisa, utaonekana mwizi au mwehu. Kwa hiyo aliendelea kuongeza kumi na nane juu ya kumi na nane. Miezi ishirini ikapita hivyo. Bwana Taher, mwenye jengo, hakushtuka, maana matanki ya paa yalikuwa yanavuja na hesabu za mita kuu hazikuwahi kulingana na za wapangaji hata siku moja.

Usimwone Luhende mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye jina. Kule Mkolani mafundi wakibishana na mwenye nyumba, watu husema, "Mwiteni Luhende aje aangalie." Akisema bomba limepasuka hapa, wanachimba hapo hapo. Hakuwa na ng'ombe wala nyumba ya kupangisha, alikuwa na neno lake, na watu walilichukua bila kuuliza mara mbili. Hilo ndilo alilokuwa anaogopa kulipoteza. Aliogopa hasa, usingizi ukawa unamruka.

Halafu mwanzoni mwa mwezi uliofuata Bwana Taher akamleta Odeta.

Odeta alikuwa binti wa Sengerema, umri wa miaka ishirini na saba, suruali ya jinzi, begi mgongoni, salamu mdomoni. "Shikamoo, mzee," alimwamkia Luhende, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa kwao. Bwana Taher akaeleza. Mita za zamani zitabaki, ila kila moja itavalishwa kofia. Kofia ile nyeupe, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, ina betri yake na ina jicho dogo linalotazama namba. Kila saa inatuma usomaji kwa mawimbi, bila waya wowote, mpaka kwenye kisanduku kitakachofungwa juu ya paa, na kisanduku kinapeleka kwenye simu ya mwenye jengo na ya mpangaji mwenyewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi Luhende ataita namba zake kama kawaida, Odeta atasoma za mashine, na wapangaji watalinganisha. Zikilingana, mashine inabaki.

"Na mzee wetu atakuwaje?" Dorcas aliuliza, mkono kiunoni.

"Mzee Luhende haendi popote," Bwana Taher akajibu. "Pampu, matanki, mabomba, hayo yote nani atayaweza? Nampunguzia kuinama tu."

Watu walinung'unika hata hivyo. Mashine inatuma namba hewani, nani ameisikia? Venant alisema yeye haamini kitu kisichoita jina lake. Luhende alicheka pamoja nao, lakini moyoni alikuwa anahesabu siku.

Wiki nzima alimshikia Odeta ngazi na koleo. Binti alikuwa na mikono ya kazi. Alifuta kila kioo kwa kitambaa chenye spiriti, akasoma namba, akailinganisha na nakala ya daftari la Luhende, akaiingiza kwenye simu, ndipo akavalisha kofia. Zote zililingana, ukitoa maji ya siku zile chache. Kila iliyolingana Odeta alisema, "Safi, mzee," na Luhende alijisikia kama mwanafunzi anayesahihishiwa mtihani huku akijua swali la mwisho hakulijibu.

Walipofika chini ya ngazi alisema ufunguo wa mfuniko umepotea. Kesho yake alisema ameusahau nyumbani. Siku ya tatu Odeta alitoa bisibisi akaufungua mfuniko bila ufunguo wowote. Akaingia shimoni nusu mwili, akafuta kioo, akaangaza tochi.

"Elfu nne mia tisa hamsini na moja," alisoma. Akaliangalia daftari tena. "Mzee, daftari linasema elfu tano mia mbili na kumi na nne."

"Mita hiyo mbovu," Luhende akasema haraka. "Ya siku nyingi. Inakwama."

"Ahaa." Odeta akatoka shimoni, akajipangusa magoti. "Basi tuipime. Ikiwa mbovu tubadilishe."

Asubuhi iliyofuata, kabla dobi hajafungua, waliipima kwa ndoo, kama wafanyavyo mafundi wanaojua kazi yao. Dobi alikuwa na bomba la nyuma linalopita kwenye mita ileile. Luhende alikinga ndoo ya lita ishirini, akaimimina kwenye pipa la kumwagilia maua, akakinga nyingine, mpaka zikatimia kumi. Alitamani ile mita ikwame. Aliomba kabisa, Mungu amsamehe, mita ya watu iharibike. Odeta alikuwa shimoni na tochi.

"Lita mia mbili kamili," alisema sauti ikitokea chini. "Mita ni nzima, mzee."

"Naona."

"Huoni, baba." Alilisema taratibu, bila dharau. Alitoka akakaa kwenye ngazi karibu naye. "Nimekuangalia wiki nzima. Ukisoma mita unasogeza kichwa kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo kabla hajafanyiwa upasuaji wa macho."

Luhende aliangalia maji yaliyomwagika sakafuni. Kisha akamweleza yote, na ajabu ni kwamba alipoanza kusema, maneno yalitoka yenyewe. Miezi ishirini. Kumi na nane, kumi na nane. Odeta alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie Bwana Taher," alisema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi ya namba."

"Mimi sitakusema, baba. Si kazi yangu kumsema mtu mzima. Lakini nisikilize na mimi. Hili ndilo jengo letu la kwanza. Tumeacha ajira Dar, mimi na mwenzangu, tukaja kuanzia hapa nyumbani. Mashine ikikataliwa Mawe Pacha, hakuna jengo Mwanza litakalotufungulia mlango. Kwa hiyo siwezi kusema mita ni mbovu wakati ni nzima."

"Ni haki yako, mwanangu."

Unadhani alimwambia Bwana Taher? Thubutu! Mara ya kwanza alimkuta anaongea na simu, akashukuru, akageuza. Mara ya pili aliingia kabisa ofisini, akavua kofia, na kabla hajafungua mdomo Bwana Taher akamwambia, "Mzee Luhende, yule binti alikusifu tangu siku ya kwanza. Alisema daftari lako halina mkwaruzo." Utaanzia wapi hapo? Mara ya tatu hakufika hata mlangoni. Wiki zikaisha, na Jumamosi ikaja na jua lake.

Watu walijaa koridoni kama siku ya harusi. Bwana Taher alikuwa mbele, mikono nyuma. Luhende na daftari lake, Odeta na simu yake, na wapangaji wakiwafuata mlango kwa mlango, hata wale wa ghorofa ya tatu ambao kwa kawaida huwa hawashuki.

"Venant! Elfu moja mia mbili na nne. Uniti mbili!"

"Mashine?" akauliza Bwana Taher.

"Elfu moja mia mbili na nne," Odeta akasoma. "Uniti mbili."

"Mbili, nimesikia, mara mbili!" Venant akaitikia, na watu wakacheka.

Saluni, kumi na tatu, mashine kumi na tatu. Duka la miwani, moja, mashine moja. Mgahawa wa chini, arobaini na moja, mashine arobaini na moja. Kila mlango uliopita watu walizidi kulegea. Wengine wakaanza kumpongeza binti, wengine wakampiga Luhende begani wakisema mashine imemkuta mwalimu wake. Luhende aliitikia kwa kutikisa kichwa. Aliona mlango wa mwisho unamjia, na yeye ndiye aliyekuwa anatembea.

Mama Manjula alikuwa amesimama pale, sari ya rangi ya zambarau, nywele zimebanwa.

"Mwangaluka, Luhende," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa sababu leo kulikuwa na watu na alikuwa na furaha. "Haya, sema."

Alikuwa amejiandaa kusema ukweli hapo. Nakuapia alikuwa amejiandaa. Lakini ulimi una mazoea yake, na miezi ishirini ni mingi.

"Elfu tano mia mbili thelathini na mbili," aliita. "Uniti kumi na nane!"

"Kumi na nane, nimesikia!"

Bwana Taher akamgeukia Odeta. "Mashine?"

"Elfu nne mia tisa hamsini na nne," Odeta alisema, macho kwenye simu. "Uniti tatu."

Korido ilipasuka kwa kicheko. "Tatu? Dobi?" Venant alishika tumbo. "Mashine yako imesinzia, dada! Dobi gani anafulia uniti tatu, anafua leso?"

"Nilisema mimi," mwingine akadakia. "Vitu vya hewani hivi."

"Mimi kati ya mashine na mzee Luhende, namchukua mzee Luhende," alisema Dorcas. "Kama imekosea hapa, nani anajua kwangu itakosea lini?" Na watu wakapiga makofi, wakamshangilia Luhende kama aliyefunga goli.

Bwana Taher hakucheka. "Binti," alisema polepole, "hili ni tatizo. Siwezi kuwalazimisha wapangaji wangu mashine wasiyoiamini." Odeta aliinamisha kichwa. Hakumtazama Luhende hata kidogo, na hicho ndicho kilichomchoma. Angemtazama, angemlaumu, ingekuwa nafuu. Alisimama tu na simu yake, akikubali kupoteza jengo lake la kwanza kwa sababu alikuwa ameahidi kutomsema mzee.

"Acheni makofi," Luhende akasema.

Hawakusikia. Akapaza ile sauti yake ya kuita namba. "Acheni makofi! Mashine inasema kweli. Mimi ndiye muongo."

Makofi yakakatika, pampu ya chini ikasikika ikinguruma.

"Macho yangu hayaoni," alisema. "Ile mita ya chini ya ngazi sijaisoma miezi ishirini. Nilikuwa nakuja hapa naita kumi na nane ya kichwani. Binti huyu aliligundua siku alipoifungua, tukaipima mita kwa ndoo, ni nzima. Aliniambia niseme, nikaogopa. Zile nyingine zote nimezisoma kweli. Hii moja nimewadanganya."

Dorcas alishika kichwa. Venant alisema, "Mzee!" tu. Bwana Taher aliomba daftari, akalifungua, akalifunga tena. Alikuwa mtu mpole kwa asili. Alisema mashine itabaki, kwamba hesabu ya maji wataimaliza yeye na Mama Manjula, na kwamba Jumatatu Luhende aende hospitali akaonyeshe macho, gari litampeleka. Watu wakaanza kutawanyika, wakiongea chini chini. Venant alipita karibu akamgusa Luhende bega. "Inahitaji moyo kusema vile, mzee," alisema. Na kweli Luhende alihisi wepesi. Alidhani jina lake lingeanguka pale pale kama ndoo ngazini, na lilikuwa halijaanguka.

Alipogeuka kumtafuta Mama Manjula, mlango wake ulikuwa umeshafungwa.

Alasiri akapanda tena kwenda kumwomba radhi. Mlango ulikuwa umerudishiwa.

"Hodi, Mama Manjula."

"Ingia."

Luhende hakuwa ameingia mle tangu mabomba ya ndani yabadilishwe, miaka minne iliyopita. Namba zote alikuwa akiziita akiwa nje. Mle ndani sasa mashine tatu kubwa za kufulia zilikuwa zimefunikwa mashuka, na juu ya mashuka kulikuwa na vumbi ambalo hata yeye aliliona. Kwenye lile bomba refu la kutundikia nguo, ambako zamani usingepata pa kupitisha mkono, kulikuwa na suti moja na mashati mawili. Mama Manjula alikuwa ameketi karibu na beseni la plastiki, ameondoa ile sari ya zambarau, amevaa gauni la nyumbani.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nimekuandikia maji ambayo hukutumia. Bwana Taher amesema atakurudishia kila—"

"Nilijua."

"Ulijua nini, mama?"

"Mimi ndiye ninayefua, Luhende. Utanifundisha maji yangu?"

Luhende alisimama na kofia mkononi. "Sasa mbona ulikuwa unaitikia?"

Alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Hoteli ziliondoka zote mwaka juzi. Zimenunua mashine zao. Mwezi ule nilisimama pale mlangoni, nimejikaza, nikijua utataja nne au tano na korido nzima itajua nimekwisha. Ukataja kumi na nane. Nilishtuka. Nilifungua mdomo nikwambie umekosea. Halafu nikamsikia Dorcas anasema, 'Mama Manjula hashuki huyu!' Nikaitikia."

"Kumbe."

"Mwezi uliofuata nikasubiri nione utasema nini. Kumi na nane. Wa tatu, kumi na nane. Watu wanalipia matangazo redioni, mimi nililipia sauti yako, sikuona uchungu." Akalivuta beseni karibu. "Lakini si hilo. Nilijiambia, Luhende ameona mita yangu. Amejua hali yangu. Ananisitiri. Mtu mzima ananisitiri mbele za watu, na hataki hata nimshukuru. Kila asubuhi nikiwasha udi nilikuwa nakutaja jina."

Luhende aliitazama ile suti moja iliyotundikwa.

"Leo umejisafisha, na umefanya vizuri, yule binti hakustahili kuumia. Lakini mimi umenivua nguo mbele ya korido nzima. Hilo nalo nitalimeza, ni uzee, ni biashara, kila mtu ataona siku yake." Sauti yake, ile kubwa, ilikuwa imeshuka kabisa. "Kinachoniuma ni kwamba hukuwa unaona. Miezi ishirini nilidhani kuna mtu mmoja ndani ya jengo hili anayejua, na amenyamaza kwa ajili yangu. Nilikuwa nafungua mlango huu asubuhi sijihisi niko peke yangu. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Machozi yalimtoka Luhende bila yeye kuyazuia. Alitafuta neno, lile neno lake ambalo watu hulichukua bila kuuliza mara mbili, hakulipata. Akavuta kiti, akaketi karibu na lile beseni, na hakuondoka mpaka Mama Manjula alipofunga duka.